Chupa ya Matuta

Wiki iliyopita fundi aliyekuwa akichimba shimo la choo kipya nyuma ya nyumba yetu ya Mtoni alisimamisha jembe akaniita. "Mama, humu chini ni vioo vitupu," akasema, akanikabidhi kigae kimoja alichokwisha kukifuta kwa suruali yake. Kilikuwa cha buluu iliyokolea. Nilifumba macho nikapitisha kidole gumba juu yake, na kidole kikakutana na matuta madogo yaliyonyooka, moja baada ya jingine. Basi mimi bibi mwenye wajukuu, nimesimama uani na kanga begani, nikajiona nina miaka minane na mkaguzi wa serikali ananitazama.

Ngoja niwasimulie vizuri, maana nikianza na mkaguzi nitawapoteza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Baba yangu alikuwa dispensa, mtengenezaji na mtoaji wa dawa, kazi aliyojifunza katika hospitali ya misheni huko kwetu Upare kabla hatujahamia pwani. Duka la dawa alilolisimamia lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiihii, karibu na barabara ya Kilwa. Mali ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini ambaye tulimwona kwa nadra kama mwezi mwandamo, lakini cheti kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu kilikuwa na jina la Baba. Watu wa Mtoni walimwita Dakta. Kila siku yeye aliwasahihisha, "Mimi si daktari, mimi ni dispensa," nao wakamwitikia kwa heshima zote, "Sawa, Dakta."

Duka lile lilinukia spiriti, karafuu na kitu kichungu ambacho hadi leo sijui jina lake. Nyuma ya kaunta palikuwa na kabati dogo lenye kufuli, nalo ni kabati la sumu. Ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wa Baba mchana na usiku, na Mama alikuwa akilalamika kwamba Baba akilala nao unamchoma yeye mbavu. Kila kilichotoka kabatini kiliandikwa kwenye daftari. Sisi watoto tulikatazwa hata kuliegemea.

Sasa, siku hizo hukuwa ukipewa dawa ya maji hivihivi. Ulikwenda na chupa yako. Asiye na chupa aliazima kwa jirani, na jirani naye alitaka irudi. Kwa hiyo zilikuja chupa za kila ukoo: za soda, za siki, za marashi. Baba alizipokea moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akazinusa. Ya mafuta ya taa aliirudisha bila maneno. Ya marashi aliichemsha, lakini marashi ni marashi, na nusu ya Mtoni walikohoa wakinukia harusi. Chupa nzuri ilikuwa kitu cha kuonea fahari, na sisi wasichana tuliziokota, tukazisugua kwa mchanga na majivu, tukabadilishana.

Yangu ilizishinda zote. Niliiokota kwenye shimo la taka nyuma ya duka, buluu tupu, ina pembe sita, na mwilini imejaa matuta. Ilikuwa na herufi za Kiingereza zilizotuna kwenye kioo, ambazo mimi nilizihesabu kuwa mapambo. Niliisugua siku mbili. Ukiishika juani ilimwaga rangi yake kwenye kiganja, nikawa nawatoza wenzangu ubuyu mmoja mmoja kwa kuishika tu. Msinicheke, kila mtu ana zama zake za utajiri.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Zuhura, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Msimu ule wa mvua alishikwa na kikohozi kibaya. Baba alimtengenezea dawa, akaijaza kwenye chupa nyeupe, laini, safi kabisa, akabandika kikaratasi alichokiandika kwa mkono wake: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Zuhura akakataa. Mama yake, Bi Mwanahamisi, alimbana pua, akambembeleza kwa vitumbua, akamtishia bakora. Dawa iliingia mdomoni ikarudi kwenye mkeka. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekonda, macho yamemtoka, anatikisa kichwa hata kabla kijiko hakijaonekana.

Ndipo nilipopata wazo langu, na niliona ni wazo kubwa kweli. Nilikimbia nyumbani nikaichukua ile chupa ya buluu. Bi Mwanahamisi alikuwa jikoni. Nikahamisha dawa yote, tone kwa tone, nikalowesha kikaratasi cha Baba kwa ulimi mpaka kikabanduka, nikakibandika upya kwa uji wa muhogo, kimenyooka vizuri kuliko mwanzo. Zuhura aliitazama ile rangi, akaitazama tena.

"Hii nitakunywa," akasema.

Akanywa. Siku ya tatu alikuwa uani akiruka kamba, na mimi nikajiona nimemshinda Baba kwa udaktari. Mama yake alipouliza chupa imetoka wapi, Zuhura alijibu imetoka kwa Dakta, kwa sababu kwake yeye chochote kilichotoka nyumbani kwetu kilitoka kwa Dakta. Kisha siku moja akaniambia mjomba wake, Mjomba Seif, amekuja kuwajulia hali na ameondoka na chupa. Nilikasirika sana. Nilidhani ameipenda.

Mjomba Seif alikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali moja mjini. Kiingereza hakujua, lakini chupa alizijua, maana alizisomba kila siku. Aliiona ya matuta karibu na mto wa mtoto, ina maandishi ya mkono wa Baba, akaibeba palepale. Hakuja kugombana. Alikwenda kwa mwandishi wa barua, akaandikiwa malalamiko kwenda kwa wakubwa wanaosimamia dawa na sumu: dispensa wa Mtoni amempa mtoto dawa ndani ya chupa ya sumu.

Barua ikamfikia Baba kwamba atakaguliwa, kuna mashtaka ya sumu. Haikusema chupa, haikusema Zuhura. Jioni ile nilimsikia akimwambia Mama kwamba wakimfuta kwenye orodha ya madispensa, cheti kitashushwa ukutani, hatashika dawa tena popote, na sisi tutarudi Upare tukalime. Mama alianza kupanga upya vyombo vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Lakini mimi! Nisiwafiche, nilikuwa na furaha ya kutosha sikukuu mbili. Mkaguzi anakuja kwetu! Nilitangaza kisimani, nilitangaza shuleni, niliahidi watu nafasi dirishani. Asubuhi ya siku yenyewe gari la serikali lilipokata kona, Mtoni nzima ilikwisha kuwa mbele ya duka, na wenye watoto wachanga wamewabeba waone.

Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," na umati wote ukaguna kwa mshangao. Kisha kazi ikaanza, na sijawahi kuona mchezo mtamu kama ule. Alitoa mawe madogo ya shaba akaipima mizani ya Baba. Alipitisha kidole juu ya rafu akakitazama. Alifungua kabati la sumu, akashusha chupa moja moja, akalinganisha na daftari, na kila moja ilipokubaliana sisi wa dirishani tulinong'ona, "Imo!" Kufika katikati umati ulikuwa ukiitikia naye, na hata Bi Mwanahamisi, aliyesimama mlangoni na Zuhura, alijisahau akaitikia. Baba peke yake alikuwa kimya, mikono nyuma, jasho limemlowesha kola.

Mkaguzi alipomaliza alifungua mkoba wake, akaweka juu ya kaunta chupa ya buluu.

Ilikuwa chupa yangu. Nilipumua kwa furaha, nikadhani wamenirudishia. Halafu nikauona uso wa Baba.

"Maandishi haya ni ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Ni yangu, Bwana."

"Na chupa hii unaijua?"

Baba aliigeuza polepole. Alisema ni chupa ya sumu, kwamba yeye hajawahi kumpa mtu dawa ya kunywa ndani yake, na kwamba hawezi kueleza kikaratasi chake kimefikaje pale. Alisema ukweli mtupu, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Niliwaona. Watu waliokuwa wakiitikia "Imo" walianza kutazamana, na Bi Mwanahamisi akamvuta Zuhura nyuma ya kanga yake. Mkaguzi akainua macho akakitazama cheti ukutani.

Baba alikuwa na msemo wake, njia ya mwongo ni fupi, na aliurudia kwangu mara nyingi kwa sababu nilihitaji. Sikuufikiria siku ile. Nilichofikiria ni Upare, na mtu kushika fremu ile kwa mikono yake. Nikaacha dirisha, nikaingia, nikapita chini ya kaunta.

"Chupa ni yangu," nikasema. "Nilihamisha mimi, ili Zuhura anywe."

Zuhura, Mungu amrehemu, akachomoza kutoka kwenye kanga akasema kweli, Matilda ndiye aliyeleta, na ile nyeupe tuliifukia nyuma ya banda la kuku. Wakatumwa watu, ikafukuliwa, ikaletwa. Mkaguzi akaziweka zote mbili mbele yangu.

"Fumba macho," akaniambia. "Shika. Hii ipi?"

"Ya buluu."

"Umejuaje?"

"Ina matuta."

"Ndiyo sababu imetengenezwa hivyo," akasema. "Taa ikizimika, mkono uonywe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile siku mbili za kusugua. Kama ningesugua moja tu? Chupa ile ilikuwa na dawa ya kuulia wadudu wa chooni, ambayo tone lake lilibabua ngozi. Nilimtazama Zuhura, mzima, anajikuna goti, nikaanza kulia.

Mkaguzi akafungua daftari lake, akachovya kalamu. "Jina lako kamili nani?"

Ndugu zangu, machozi yalikauka palepale. Jina langu kwenye daftari la serikali! Nikalitaja la ubatizo, la Baba na la babu, moja baada ya jingine, nikichungulia kalamu ikianza ile M.

"Bwana," Baba akasema, "kabla hujaandika. Hujaniuliza mtoto aliipata wapi."

Kalamu ikasimama. "Aliipata wapi?"

"Kwenye shimo langu. Niliitoa kabatini, ikaisha, nikaitupa nzima. Ilinipasa kuivunja. Yeye hajui sheria, mimi naijua. Andika hilo."

Mkaguzi alimtazama Baba kwa muda. Kisha akapiga mstari juu ya ile M yangu, akaandika mambo mengine, marefu.

Niliumia sana. Alikuwa amekwisha kuokoka! Nilikuwa nimemwokoa mimi, mbele ya Mtoni nzima, naye akaufungua mdomo wake kujipeleka mtegoni, na jina langu likakatwa. Wakubwa wakamwandikia barua ya onyo, wakamnyang'anya ufunguo wa kabati kwa miezi mitatu. Miezi mitatu aliuza tembe za kichwa na mafuta ya karafuu, na nyumbani tukala mihogo mpaka tukaichukia. Nilimnunia wiki nzima. Mama aliniambia mficha uchi hazai, nami nikamjibu mbona sisi tumezaa mihogo tu, nikapata kofi langu.

Barua ile Baba aliitia kwenye fremu, akaitundika kando ya cheti. Wateja waliuliza, akawaeleza. Ufunguo uliporudi, wa kwanza kusimama kaunta na chupa mkononi alikuwa Bi Mwanahamisi, na nyuma yake Mjomba Seif, aliyekuja kutoka mjini kote huko kutafuta dawa ya mgongo. Na kila Jumamosi mchana Baba alichimba kashimo uani, akafunika chupa tupu za sumu kwa gunia, akanikabidhi nyundo. Yeye alishika gunia, mimi nilivunja. Sauti ile ya kioo ilinifurahisha kuliko ngoma.

Barua yenyewe sikuigusa kwa miaka. Ilikuwa ya Kiingereza, na niliamini kwamba humo ndani nimesemwa. Nilipofika darasa la sita, na Kiingereza kimeanza kukaa mdomoni, siku moja Baba akiwa kwenye mazishi ya jirani, nilipanda juu ya kigoda nikaisoma, kidole kwenye kioo cha fremu. Ilisema dispensa aliitupa chupa ya sumu bila kuivunja, na kwamba amekiri mwenyewe bila kushurutishwa. Nikashuka mstari kwa mstari nikitafuta mtoto, nikitafuta binti, nikitafuta M. Hakukuwa na mtoto yeyote katika barua ile.

Nilibaki juu ya kigoda mpaka Baba akarudi. Aliniona, akaiona fremu imekaa upande. Aliinyoosha tu, akaenda kunawa mikono.

Fundi aliniuliza kama vioo vile avitupe. Nilimwambia avirudishe shimoni na choo akichimbe upande wa pili, naye akanung'unika kwamba kazi imeongezeka. Nikamwambia nitamwongezea na malipo. Kigae kimoja nimebaki nacho, nimekiweka juu ya kabati, mahali ambapo wajukuu hawafiki.