Fundi Aliyenichagulia Mtumbwi Nansio

Mke wangu hapendi nisimulie habari hii mbele ya wageni, maana wengine hunitazama kama mtu mwenye homa. Wewe nitakueleza. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Niliyoyaona niliyaona.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vikiuzwa kwa watu binafsi. Cha kwetu Mwanza kilipouzwa, nikapunguzwa kazini. Nikaacha chumba changu cha Mirongo, nikamfuata mke wangu Ukerewe, alikokuwa akifundisha shule ya msingi na kuishi na watoto wetu watano. Tukakubaliana tutafute mtumbwi wa tanga uliokwishatumika, wa kutupeleka kwa wakwe, kanisani, na shambani kwetu ng'ambo ya ghuba.

Pale Nansio, bandari ya Ukerewe, nikaelekezwa kwa bwana mmoja, Magesa, aliyekuwa na mitumbwi miwili ya kuuza. Wa buluu ulikuwa umepandishwa mchangani, umepakwa rangi majuzi, unang'aa. Wa kijivu ulikuwa ukielea, umefungwa kamba, tanga lake viraka vitupu. Magesa akausifu sana ule wa buluu, kisha akaniambia, "Uangalie taratibu, mimi naenda kula mara moja." Na mimi moyo ulikuwa umeshaupenda. Nani asingeupenda?

Nikawa nauzunguka. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, unanunua rangi au unanunua mbao?"

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye mwanya, amejifunga kitenge juu ya suruali ya kaki, mkononi ana nyundo ndogo. Nikamsalimu. Hakuitikia. Alichuchumaa akagonga ubavu wa mtumbwi, ko, ko, sauti nzito iliyokufa.

"Una kisu? Choma hapa chini."

Nikachoma. Kisu kikazama kama kwenye papai lililoiva.

Nisadiki, nimefanya kazi na mafundi miaka kumi na minne, sijaona fundi kama yule. Alisoma mbao kwa vidole, kama padri anavyofungua misale bila kutafuta ukurasa. Akanionyesha misumari iliyoliwa na kutu, nyufa zilizozibwa kwa rangi tupu, na pale mlingoti unaposimama, mbao zimekuwa unga. Kisha akaenda kwenye ule wa kijivu. Akapanda.

Mtumbwi haukutikisika.

Unajua mtumbwi unavyofanya mtu akiukanyaga, hata akiwa mtoto? Huinama. Huu ulitulia kama meza. Mimi nilipopanda nyuma yake, ukalala upande nusura nitumbukie. Mbona sikukimbia? Sijui. Nadhani ni kwa sababu alikuwa anafundisha vizuri mno. Aligonga, na mbao zikalia kwa sauti safi. Akaniambia nichome kisu, kikagoma kuingia.

"Watoto wako wangapi?"

"Watano."

"Watatosha humu, wewe na mama yao pia. Mchanga na matofali usipakie. Tanga unaweza kushona, mbao zilizooza huwezi."

Magesa akaniita kutoka ufukweni. Nikageuka kumwitikia. Nilipogeuka tena, nilikuwa peke yangu mtumbwini.

Magesa akaingia majini kunifuata. Nikamwambia ninachukua wa kijivu, na kwamba fundi wake ameniokoa. "Fundi gani?" Nikamweleza: mwanya, suruali ya kaki, nyundo. Magesa akakaa chini, pale pale majini, na nguo zake zote.

"Huyo ni Veronika, dada yangu," akasema. "Huu wa kijivu aliuunda kwa mikono yake. Ule wa buluu alinikataza nisiuingize tena ziwani. Mwanawe alipougua usiku mmoja, wa kijivu ulikuwa safarini, ukabaki ule tu. Nikamwambia utawafikisha hospitali. Ulipasukia katikati ya maji. Ni mwaka wa tatu sasa. Nilikwenda kuuvuta, nikaupaka rangi."

Baadaye tulishika mashoka sisi wawili, tukaupasua ule wa buluu mpaka jua likazama. Magesa alilia muda wote, nami sikumzuia.

Wa kijivu ulitubeba miaka tisa. Wanangu wote walijifunza kuogelea kutoka ubavuni mwake. Hadi leo kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, tunamwombea Veronika kwa jina, na binti yetu wa mwisho, aliyezaliwa mwaka uliofuata, tulimpa jina hilo. Ninamwogopa? Kidogo. Lakini zaidi ninamheshimu. Ziwa lilimchukua yeye na mwanawe, naye akarudi kuwalinda watoto wa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo nawe ukienda kununua chombo cha kupandisha familia yako, usianze na bei wala rangi. Muulize muuzaji: mara ya mwisho kilimfikisha nani nyumbani? Mtazame machoni. Akikawia kujibu, ondoka, hata kama hakuna mtu aliyetokea kukuonya.