Ukucha wa Nusu Rupia

Mimi huhesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ya boriti zile ilipita salama. Ya pili ndiyo iliyonitia hasarani. Nilikuwa pwani ya Amu, nimeinamia lundo lililotoka mikokoni mwa Pate, nikipitia korija baada ya korija, ishirini ishirini, boriti moja ikaviringika na kunibana kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Idadi ilikuwa sawa na ya mwanzo. Ukucha, kabla ya alasiri, ulikuwa mweusi kama zambarau.

Mtu mwingine angelalamika siku mbili akasahau. Mimi nilikuwa dalali, na dalali wa boriti hasemi bei kwa mdomo. Yeye na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, watu wamewazunguka wasione kitu: kidole kizima ni rupia, ukucha ukifinywa ni nusu. Uso hautakiwi kusema lolote. Sasa mnunuzi akinifinya pale nikakunja uso, au akakuta ukucha umepinda kama kwato asijue ameshika nini, kazi yangu imekwisha. Manahodha wanunuzi walikuwa wameondoka na upepo wa kusi, wangerudi na wa kaskazi. Miezi ilikuwepo, lakini ukucha haukimbizwi.

"Bwana, sasa utauza rupia nzima nzima," dalali mwenzangu akaniambia. "Nusu umeiacha chini ya boriti."

"Na wewe ukiacha nusu utabaki na nini?" nikamjibu.

Nyumbani, aliyeshika kesi ile alikuwa mama mkwe wangu. Kwa heshima ya ukwe hatukutazamana. Yeye alikaa nyuma ya pazia, na maneno yakapita kwa mke wangu. Nikaingiza mkono chini ya pazia, nikafinywa nisimwone anayefinya. Siku hiyo niliwahurumia wanunuzi wangu, kidogo.

"Mwambiye mumeo asiuning'inize mkono," ikasema sauti. "Aoshe kwa maji yaliyochemka yakapoa. Afunge nguo safi ya bafta yenye mafuta, isigande. Na akiifungua airowanishe kwanza, asiibandue kavu."

Nilifanya hivyo. Wiki zikapita, ukucha ukalegea, ukawa unacheza kama jino la mtoto. Ijumaa moja asubuhi nimekaa kukata kucha, kama ilivyo sunna, nikaona afadhali niumalize kabisa, niende msikitini sina kitu cheusi mkononi. Mke wangu akaniona nimeushika.

"Mama, anataka kuung'oa."

Pazia likatikisika. "Mwambiye hilo ndilo paa la ule unaoota chini. Akiung'oa, nyama ya ncha itainuka iufungie ndia, na ukucha mpya utapanda juu kama pembe. Akate panaponasa tu."

"Mwambie mama kwamba leo ni Ijumaa, na sunna..."

"Mwambiye sunna ni kukata. Kung'oa amekusoma wapi?"

Nimebishana bei na Waarabu wa Suri na wa Sheheri. Sijapata kushindwa upesi namna ile. Nikapunguza ncha iliyokuwa ikinasa kwenye kanzu, nikaufunga tena.

Ulikuja kuanguka wenyewe, nikinawa, na chini yake mpya ulikwisha fika katikati. Mama mkwe akaagiza nyama ya ncha ivutwe chini kwa utepe wa bafta, isiuzibe ule unaokuja, na mafuta ya nazi asubuhi na usiku. Mwanzo ukucha mpya ulikuwa na matuta. Mkono uliniwasha kuyakwangua, sikuyakwangua. Niliutazama kila asubuhi, kisha nikautazama tena, kuhakikisha haukurudi nyuma.

Kaskazi ilipoingia, nahodha wa kwanza alifungua kilemba chake akakitandaza juu ya mikono yetu. Dalali mwenzangu alisimama karibu, macho usoni mwangu; bila shaka alikwisha mpasha habari yule nahodha. Tukapanda bei, tukashuka. Kisha nahodha akaufikia ukucha, akaufinya kwa nguvu kuliko bei ilivyohitaji, akazungusha kidole gumba juu yake akitafuta kombo. Hakulipata. Ulikuwa mnyofu, umeshika nyama vizuri, na uso wangu ulikuwa wa mtu anayesikiliza hotuba.

Nusu yake nikaikataa. Nikamshika kidole kizima, nikangoja.