Gari Lisiloomba Muhuri

Basi lilimshusha Tamae mbele ya duka la chakula cha kuku lililofungwa, likageuza, likamwacha hapo. Hakuwahi kukanyaga mji huu, ingawa kutoka kwake ni mwendo wa saa moja na nusu tu, ukishapita mabonde matatu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na safari zake zote zilikuwa za hospitali, sokoni na makaburini. Hilo nalo lilimkasirisha. Kiangazi kile cha mwaka 2016 kila kitu kilimkasirisha: salamu ya dereva, kelele za nyenje mitini, kibao cha njia kilichofifia maandishi. Mkononi alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba chupa ya chai ya shayiri na futi ya fundi cherehani.

Kiwanja cha Mzee Ubukata zamani kilikuwa cha kuuzia mbao. Ubukata mwenyewe alikuwa seremala wa nyumba, hadi watu wa mabonde walipoacha kujenga. Sasa alikuwa anajenga vyumba juu ya magari. Yalikuwapo saba, yamepangwa kwenye kokoto, kila moja na kipazia chake dirishani.

"Karibu, mama. Unatafuta la kutembelea na mzee?"

"Mzee amekufa."

"Pole sana. Basi la kutembelea mwenyewe."

"La kuishi."

"Wikendi wikendi?"

"Nimesema la kuishi. Jumatatu hadi Jumatatu."

Ubukata akavua kofia, akajikuna, akairudisha kichwani. Akamwachia mlango wa gari la kwanza wazi.

Tamae alivua viatu, akaingia, akajilaza. Akahesabu pumzi kumi akitazama dari, akatoka, akavaa viatu, akaenda la pili. Akajilaza tena. Alikuwa mfupi, sentimita mia moja hamsini na moja, na kila kitanda alikipima kwa futi hata baada ya mwili wake kukubali.

"Wateja wangu hupiga teke magurudumu," Ubukata akasema. "Wewe unalala tu."

"Magurudumu nitayalalia?"

"Hapana, mama."

"Haya. Maji ya kuoga hapa yanapashwa na nini?"

Hilo ndilo swali alilotoka nalo nyumbani. Kwa akina Kurabayashi, alikoolewa, beseni kubwa la kuogea lilijazwa maji mara moja kwa siku. Aliingia kwanza baba mkwe, kisha mumewe, kisha shemeji Norifumi akiwa amekuja, kisha mama mkwe. Tamae, mke wa kifungua mimba, aliingia wa mwisho, maji yakiwa vuguvugu na nywele za watu zikielea, na akitoka alilisugua beseni. Tamae alimuuguza baba mkwe miaka tisa, mzee akafa; Tamae hakupanda hata nafasi moja. Kisha akamuuguza mumewe miaka miwili. Siku ya arobaini na tisa ya kifo chake, walipokwisha kuizika mifupa iliyosalia baada ya maiti kuchomwa, kama ilivyo desturi, nyumba ilikuwa na wageni kumi na mmoja. Aliingia majini wa kumi na tatu.

Lakini si maji yaliyomtoa nyumbani. Siku hiyohiyo, jamaa mmoja aliuliza mezani nani sasa atamtunza mama. Norifumi, huku akimimina pombe, akajibu, "Hakuna shida. Dada yupo." Hakuna aliyegeuka kumtazama Tamae, ambaye ndiye huyo dada. Yupo, kama unavyosema sufuria ya wali ipo, jembe lipo. Kesho yake Tamae akaanza kutafuta gari.

La tano lilikuwa jeupe, limejengwa juu ya lori dogo. Ndani alisimama wima. Jiko lilikuwa na meko mawili, na nyuma ya kitanda palikuwa na kibanda cha plastiki kisichozidi kabati la nguo, chenye bomba la mvua na mtungi wa gesi wa kupashia maji. Tamae aliingia humo na nguo zake, akajifungia. Dakika zikapita.

Ubukata akabisha. "Mama, uko salama?"

"Niko salama. Niache kidogo."

Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. "Nachukua hili."

Kwenye kibanda chake Ubukata akatoa fomu, akatoa na miwani. "Hii ya kwanza ni ya polisi, cheti cha maegesho. Gari halitapewa namba mpaka uonyeshe mahali litakapolazwa, na mwenye ardhi agonge muhuri wake wa jina hapa chini. Ardhi ya nyumbani ni ya nani?"

"Sina nyumbani. Ndiyo maana nanunua gari."

"Ninajua, mama, hata mimi nacheka kila nikiijaza. Lakini fomu haicheki."

"Ardhi ni ya shemeji yangu. Baba yake alipokufa mume wangu alimwachia yote, eti ndugu wasigombane."

"Basi jirani akukodishe kona."

"Majirani wote ni Kurabayashi."

"Una ndugu?"

"Dada yangu yuko bonde la jirani, kwenye ghorofa la manispaa. Nafasi yake ni moja, na ina gari lake."

"Na kiwanja changu kiko mbali. Sheria inataka kilomita mbili tu kutoka unapoishi." Ubukata akavua miwani. "Kuna lile dogo pale mwisho, la namba ya njano. Kwa miji midogo kama yetu hayo hayaulizwi cheti. Lakini sikufichi, halina bafu, na ndani husimami."

Tamae hata hakugeuza shingo. "Nimetoka kwetu nikapige magoti tena? Nipe fomu."

Njia nzima ndani ya basi alipanga maneno. Norifumi atasema hapana, na yeye atamjibu kwa miaka tisa, kwa miaka miwili, kwa mabakuli ya uji na mashuka. Alishuka akiwa amejaa kama chungu chenye kifuniko.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shemeji alikuja kutoka mjini kula. Alikuwa amekaa mbele ya meza fupi akitafuna figili za chumvi, na mama yake, Bibi Shizu, miaka themanini na minane, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Tamae akaitandaza fomu kati ya mabakuli.

Norifumi aliisoma, akaacha kutafuna. Kisha uso ukamchanua. "Gari-nyumba! Mama, umesikia? Dada ananunua gari kubwa!"

"La nani?" Bibi Shizu akauliza.

"Letu! Dada, mlango wake ni mpana? Kiti cha mama kinapita?"

"Shemeji..."

"Maana mimi nilikuwa silali. Hospitali Jumanne, macho Alhamisi, teksi zinakataa kubeba kiti. Na mwezi wa nane tutakwenda makaburini wote mara moja. Choo kimo? Kimo! Mama, hata choo kimo!" Alikuwa tayari ameshavuta droo, ametoa muhuri na kidau cha wino mwekundu. "Na mimi nikitaka kwenda kuvua samaki, dada, siku moja moja, hutaninyima, sivyo?"

"Shemeji, nanunua niishi humo. Naondoka."

"Ndiyo, ndiyo. Lazima upumzike, nani kakataa? Unatoka Jumamosi nikiwepo, Jumapili jioni unarudi." Aliupulizia muhuri pumzi, hah, kama mtu anayesafisha miwani. "Nigonge hapa?"

Maneno yote aliyoyapanga hayakuwa na kazi. Alikuwa amejiandaa kunyimwa. Hakujiandaa kupewa namna hii. Muhuri ulishuka. Ulipogusa karatasi, Tamae aliivuta.

Mstari mwekundu ukaichora fomu kutoka ukingo hadi ukingo, kama kucha ya paka.

"Dada! Umeiharibu!"

"Ni yangu."

"Lakini nimekubali! Una wazimu? Nimekubali!"

"Nimekusikia ulivyokubali."

"Tamae," akasema Bibi Shizu kutoka dirishani, "chai yangu imepoa."

Na Tamae akainuka, akamwaga ile baridi, akaweka ya moto, akazungusha kikombe ili ua lililochorwa limtazame mama mkwe kama ilivyopasa. Alipogundua mikono yake imefanya nini, alitamani kuikata.

Jumatatu saa mbili unusu asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya mji kabla haujafunguliwa. Aliomba karatasi ya mjane anayekata ukwe. Karani, mwanamke wa makamo, akashusha sauti.

"Mama, una hakika? Hii haifutiki. Ukishaikabidhi, wao si wakwe zako tena, wala wewe si mkwe wao."

"Wao wanagonga muhuri wapi?"

"Wao? Hawagongi popote."

"Hawaulizwi?"

"Hawaulizwi, wala hawapelekewi barua. Ni muhuri wako tu."

"Rudia tafadhali."

Karani akatazama kulia na kushoto. "Wako tu, mama," akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida.

Tamae akagonga. Aliukandamiza muhuri mpaka meza ikalia.

Kutoka hapo alipanda basi lilelile. Ubukata alimwona akija, akalitazama lile jeupe. Tamae akalipita bila kulitazama, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa kiwanja, kwenye dogo la namba ya njano.

"Shemeji amekataa?"

"Amekubali."

Ubukata akatoa ufunguo mfukoni. Akafungua mlango wa gari.

Tamae alivua viatu, akaingia kwa magoti, maana hakukuwa na namna nyingine. Akajilaza. Miguu ilifika, na ilibaki nafasi ya kuweka mkoba. Meko lilikuwa moja, la mkebe wa gesi. Maji yalikuwa kwenye madumu mawili. Paa lilinyanyuka kwa mkono upande mmoja na kuacha dirisha la wavu. Tamae akakaa kwa magoti mbele ya jiko, makalio juu ya visigino, kama alivyokaa mbele ya wakwe miaka yote. Goti la kushoto likauma. Akakaa hivyo hivyo, akanyoosha mkono: sufuria ilifikika, maji yalifikika, mlango ulifikika.

"Hili kabati linalonigonga bega ni la nini?"

"La vyombo vya wageni. Na haya mabenchi mawili yanakunjuka, wanakaa wanne."

"Wageni gani?"

"Mama, labda siku moja..."

"Toa."

"Ni kazi nzuri hiyo, mti wa mwerezi wa hapa hapa, nimeipiga randa siku tatu."

"Basi kalale nayo. Toa kabati, toa na mabenchi. Hapo panakaa madumu mengine mawili na sanduku la nguo. Na hiyo rafu ishushe kiganja kimoja, mimi si twiga."

"Ulivyo mkali, naisikitikia barabara."

"Leta msumeno, Mzee Ubukata."

Alileta msumeno. Walifanya kazi hadi saa kumi, yeye akikata na Tamae akishika mbao na kulaumu. Rafu iliposhuka, Ubukata alimpa miwani yake asome maandishi madogo ya fomu. Zilikuwa mbili. Kila moja ilitaka muhuri mmoja, wake. Barua zake zingekuwa zikienda kwa dada yake.

Siku ya Jumapili, saa mbili asubuhi, gari dogo liliingia uani kwa akina Kurabayashi likikohoa. Norifumi alikuwa amelala pale tangu Ijumaa, ndevu hazijanyolewa, na majirani wote wa jina lake walikuwa barabarani wakijifanya wanang'oa magugu.

"Nimeona karatasi ya ukoo," Norifumi akasema. "Umetufuta."

"Nimejitoa."

"Kwa kabati hili la viatu? Jeupe lile lilikuwa na bafu! Nilikuwa tayari kugonga!"

"Ndiyo. Ulikuwa tayari."

Alichukua masanduku mawili, godoro lake, sufuria ya wali na picha ya mumewe. Kibao cha kumkumbuka mumewe alikiacha kwenye madhabahu ya nyumbani, kati ya vibao vya wazee wao. Kile kilikuwa chao. Norifumi alimfuata chumba hadi chumba akisema wema, akisema aibu, akisema marehemu angelia. Tamae alifunga kamba.

Mlangoni alikuta kiti cha magurudumu.

"Tamae," Bibi Shizu akasema. Hakuwa analia, alikuwa amekasirika. "Nani atanikata kucha?"

Tamae akasimama. Kisha akaingia ndani, akatoa kikata kucha kwenye droo, akapiga magoti mbele ya kiti, akatandaza gazeti. Alikata za mkono wa kulia, moja moja, kwa makini, kisha za kushoto. Alipomaliza alilikunja gazeti, akainuka kwa kushika fremu ya mlango, akakiweka kikata kucha kwenye kiganja cha Norifumi.

"Za miguuni ni ngumu. Mloweshe kwanza kwenye maji ya moto."

"Maji yako wapi?"

"Kwenye bomba, shemeji."

"Ya moto, nasema. Lile tangi linawashwaje?"

Tamae akatazama saa yake. Bafu la chemchemi ya moto, ng'ambo ya mlima, hufunguliwa saa nne kamili, na kwa gari lile mlima haukuwa jambo la haraka.

"Soma," akasema. "Imeandikwa ubavuni."

Akavaa viatu, akapanda, akarudi kinyumenyume hadi barabarani, majirani wakimpisha na magugu yao mikononi. Gari lilianza kupanda mlima kwa mwendo wa baiskeli, likinguruma kupita ukubwa wake, na pale uani lilisikika kwa muda mrefu sana. Norifumi alikuwa bado amesimama na kikata kucha.

"Norifumi," akasema mama yake, "nimevua soksi."