Kupima, Si Bima

Lugha ya nyumbani kwetu, Kisomali, haina p. Mtu wa Garissa wa umri wangu ukimwambia aseme pampu, atakupa bambu, na hana habari kwamba amekosea. Kiswahili nilikipata sokoni, nikiwauzia walimu wa bara maziwa ya ngamia. Kusoma nilikupata uzeeni, darasa la gumbaru, la watu wazima. Kwa hivyo p naiandika vizuri kuliko ninavyoitamka.

Mjukuu wangu nimemlea mimi. Alipoitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa mazingira nilimwambia kila mtu, na hilo lilikuwa kosa. Jirani yangu aliuliza, "Mazingira? Si wale akina mama wa kufagia soko? Ufagio nao siku hizi una digrii?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi si mtu wa kuchekwa. Tangu siku ile neno mazingira nililiacha. Nikiulizwa, nasema anasomea kupima maji. Si uongo. Mwenyewe ndivyo alivyonieleza.

Mwaka wa tatu ulipoisha, karo ikakwama. Hapa mtaani kulikuwa na kamati ya kusaidia wanafunzi. Ikikubali, anarudi kumaliza. Ikikataa, anakaa nyumbani, na msichana akikaa nyumbani mwaka mzima kwetu, wachumba hawachelewi na masomo ndiyo yameisha. Yeye wakati huo alikuwa Mandera kwenye mafunzo ya kazi, anabeba chupa za maji kutoka kisima hadi kisima, basi fomu nikaipeleka mimi.

Karani alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye haraka.

"Shosho," akaniita, kama watu wa bara wanavyowaita bibi zao, "mjukuu anasomea nini?"

"Kubima maji."

Aliinua macho kidogo, akaandika. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikaweka sahihi bila kusoma, na hilo sijajisamehe.

Jumatano iliyofuata niliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti ni mzee wa dini, rika langu, tulichunga mbuzi pamoja utotoni. Waliongea Kiswahili kwa ajili ya karani, aliyekuwa akiandika yanayosemwa. Mwenyekiti aliishika ile fomu kwa vidole viwili kama inanuka.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "wewe unaswali, unafunga. Bima ni kamari, unajua. Sasa hii bima ya maji ndiyo nini? Mvua ikikataa kunyesha, kampuni itatuletea wingu?"

Wenzake wakacheka.

"Nani kasema bima?" nikauliza.

"Ndivyo ulivyosema, shosho," akasema karani.

"Sikusema bima. Nilisema kubima."

"Si ndiyo hiyo hiyo," akasema mwenyekiti.

"Siyo hiyo. Ku-bi-ma."

Hata mama pekee aliyekuwa kwenye kamati alificha mdomo ndani ya mtandio. Nikaona kinywa changu leo hakitanisaidia. Nikasimama, nikachukua bilauri ya maji iliyokuwa mbele ya mwenyekiti, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikanusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema nje.

"Yana chumvi," nikasema, "na chini yana mchanga. Hayo nimeyajua kwa macho na ulimi. Yeye anasomea kuyajua yale ambayo ulimi hauyajui."

Karani aliweka kalamu chini. "Kupima," akasema polepole. "Wazee, kosa ni langu. Mama alisema kupima."

Mwenyekiti hakucheka tena. Akauliza kazi yenyewe ni ipi, maana vijana waliosoma bila kazi tunao wengi. Nikamwambia kama mjukuu alivyonieleza kwenye simu. Kuna wa kupima visima kabla watoto na mifugo hawajanywa. Kuna wa kuchora mabomba ya maji taka, kwa sababu vyoo vya mji huu vikijaa, uchafu unakwenda wapi? Na Dadaab, wakimbizi wote wale kambini, taka zao zinataka mtu mwenye akili. Hata barabara, kabla haijajengwa, lazima mtu aseme itaziba wapi njia ya mafuriko.

Mzee mmoja akasema, "Msichana alale porini na mafundi wa kuchimba visima?"

"Nilipokuwa na miaka kumi na miwili mlinituma porini na ngamia," nikamjibu. "Nani aliniuliza nitalala wapi?"

Mwenyekiti akamrudishia karani ile fomu. "Andika upya," akasema. "Na safari hii msomee kabla hajaweka sahihi."

Kamati ikalipa, mjukuu akarudi chuoni, akamaliza. Sitawadanganya: baada ya hapo alikaa nyumbani miezi, anatuma barua za kuomba kazi ambazo hazijibiwi, na jirani hakukosa la kusema. Sasa ana mkataba wa mwaka mmoja na mradi wa maji huko vijijini. Si kazi ya kudumu, lakini ni kazi yake.

Mwezi uliopita alikuja likizo. Mwenyekiti akamwomba aangalie kisima cha madrasa. Mjukuu akajaza chupa, akaondoka nayo kwenda kuyapima maji, akarudi baada ya siku mbili.

"Adeer," akamwambia, kama tunavyowaita wazee walio kama ami zetu, "maji yana uchafu wa choo. Choo kiko karibu mno, tena upande wa juu."

Choo hicho alikijenga mwenyekiti mwenyewe. "Kimesimama miaka," akasema. "Hakuna aliyekufa."

"Watoto wanaharisha?"

Mzee alinitazama mimi, kana kwamba nimsaidie.

"Wanaharisha," akasema. "Kihamie wapi?"

Mjukuu wangu akamtembeza uwanja mzima, yeye mbele, mzee nyuma. Jumatatu nilipopita, vijana walikuwa wamefika kifuani kwa kuchimba shimo jipya la choo, upande wa chini kabisa karibu na ua, na mwenyekiti amekaa kwenye kiti cha plastiki anawasimamia.