Hatuachi Shimo Wazi

Mama alikubali baba azikwe Stockholm kwa sharti moja: hataondoka kaburini kabla halijafukiwa. Ndugu huko Kenya walikuwa wamesema mengi, kwamba tunamtupa mzee kwenye baridi, na sharti hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwao. Nilipopiga simu ofisi ya makaburi waliniambia, kwa upole wa Kiswidi, kwamba tutaona. Nikajua siku hiyo patachimbika.

Ili kumshawishi nilikuwa nimempeleka kuyaona makaburi yenyewe, yaliyo msituni, si mbali na kwetu Farsta. Nayapenda, sifichi. Kama miaka mia iliyopita palikuwa na mashimo ya changarawe katikati ya misonobari. Wasanifu wawili vijana wakashinda shindano la kupatengeneza, na badala ya kufyeka miti wakawalaza watu chini yake. Mawe karibu yote ni mafupi, tajiri asimzidi fukara. Nikamwonyesha jiwe la mwigizaji wa sinema aliyefia ng'ambo, majivu yake yakaletwa hapa baada ya miaka. Jiwe lina jina lake tu.

Mama alilitazama kwa kijicho. "Kumbe huyu alirudishwa kwao," akasema. "Na baba yako je?"

Swali hilo liliniuma.

Desturi ya hapa ni kwamba jeneza likishateremshwa, kila mtu hudondosha ua, huinamisha kichwa, kisha huenda kunywa kahawa. Shimo hufukiwa baadaye kwa mtambo, wafiwa wakiwa wameshaondoka. Hata udongo hufunikwa kwa zulia la kijani, kana kwamba ni kitu cha aibu. Siku ya maziko niliuona mtambo umeegeshwa nyuma ya misonobari, dereva ndani, akingoja tuondoke.

Tulidondosha maua. Hakuna aliyesogea. Mhudumu wa makaburi, bwana mrefu mwenye koti jeusi, alitazama saa yake, akanitazama mimi. Ndipo mama alipoliendea lile zulia, akalivuta mpaka udongo ukabaki wazi.

"Stopp!"

Bwana yule alikuja mbio. Akaniambia huo ni mchanga, ukingo unaweza kuporomoka, na mtu akianguka ataulizwa yeye.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema ni hatari, mama."

"Mwambie hatari ni kumwacha mume wangu kwa shimo wazi, eti sisi twende kula keki."

Nilitafsiri nusu. Mzee mmoja Mkongo wa kanisani kwetu hakungoja nusu ya pili. "Sisi mutu yetu tunamufunika wenyewe," akasema, akapiga magoti, akaanza kuchota mchanga kwa viganja. Wengine wakamfuata. Hapo hapo kipande cha ukingo kikameguka karibu na kiatu cha mama. Nikamshika mkono, akanisukuma. Niliogopa, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia na baba kwa kufia huku.

Mhudumu alimpungia dereva mkono, na mtambo ukaunguruma ukija kwetu. Nikadhani tunafukuzwa. Ulisimama mbali kidogo, dereva akashuka na mbao na sepetu. Yeye na mhudumu wakazilaza mbao ukingoni, kisha bwana yule akanigeukia.

"Wawili wawili tu," akasema. "Na mama yako asitoke kwenye ubao."

Tulifukia tukiimba, pambio la Kirundi la Warundi wa kanisani likipokewa na letu la Kikamba, na wale wanaume wawili walisimama kando wamevua kofia. Mama ndiye aliyetupa sepetu la kwanza la udongo. La mwisho pia lilikuwa lake, na aliupigapiga udongo hadi ukakaa sawa. Alikuwa anahema, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akatazama nyasi za pembeni.

"Hapa kando yake pana mtu?"

Nikamuuliza mhudumu. Akatikisa kichwa.

"Hapana mtu, mama."

"Basi mwambie asimpe mwingine."