Machela ya Waliokimbia Vizuri

Juzi nilikaa kwenye uwanja wa ofisi ya kata, hapa Kasulu, nikitazama watu wakifundishwa kujiokoa na bomu. Serikali imetoa fedha za mafunzo, na kata inayofaulu inapewa machela. Mkunga wetu aliikodolea macho machela ile tangu asubuhi, maana wajawazito wake anawapeleka zahanati kwa baiskeli.

Mkufunzi alieleza vizuri: bomu likilipuka kimbieni mbali, kwa sababu la pili huwa linawasubiri wanaokuja kutazama. Kisha akamlaza mwalimu mmoja chini, amepakwa nyanya kifuani, akamwambia apige yowe.

Yowe lilipotoka, watu wote wakalikimbilia, mkunga akiwa mbele. Mkufunzi hajapuliza filimbi, mwalimu keshabebwa juujuu mpaka barabarani.

"Mama, mmekufa wote!" mkufunzi akafoka. "Si nilisema mkimbie?"

"Tumekimbia, mwanangu," mkunga akajibu, akihema.

"Mbali!"

"Kwetu Buha, anayesikia yowe akabaki kwake, msiba wake atazika peke yake. Hata wewe ukilipiga, tutakuja."

Mkufunzi akaandika kwamba tumeshindwa. Machela ikapakiwa garini kwenda Kibondo, kwenye kata iliyofaulu kukimbia. Mkunga aliisindikiza kwa macho, mkono kiunoni.

Mkufunzi hakukosea, bomu halijui mila. Hata mimi, na goti langu hili bovu, nilikuwa nimeshainuka kulifuata yowe. Ila machela hushikwa na watu wanne. Huko Kibondo walikofaulu wote, nani atarudi kuishika?