Mama Aweka Vifungo Vyote

Mama alipoanguka bafuni mara ya pili, watoto wake wawili walikuja na mabegi matupu wamhamishie kwa binti. Mama, muuguzi mstaafu, aliwatazama kama wagonjwa waliokosea wodi.

"Sihami," alisema, akatoa karata. "Tucheze poka. Mkinishinda, nakwenda. Nikiwashinda, neno hili lisisikike tena humu ndani."

Binti alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo walichezea vifungo vyake vya mashati. Kaka yake, dereva wa basi, alifilisika mapema akabaki kugawa karata. Wakabaki wanawake wawili, uso kwa uso.

Fundi alificha mkononi mfalme na kumi. Mezani zilifunuliwa karata za wote, kila mmoja aziunganishe na zake: mfalme wa kopa, tisa ya kopa, nne ya pau, saba ya uru. Alikuwa na jozi ya wafalme. Kila alipoweka vifungo, Mama alifuata kwa idadi ileile. Karata ya tano ikaja, mbili ya shupaza. Mama akasukuma vifungo vyake vyote, thelathini.

"Haya, mwanangu. Fuata au tupa."

"Tupa, we!" kaka alinong'ona. "Mama hana mzaha."

Fundi alivihesabu vifungo. Katikati ya meza palikuwa na thelathini vingine. Alitakiwa kutoa thelathini, vyote alivyobakiwa navyo, apate sitini. Akiwa na nafasi moja kati ya tatu ya kushinda, inatosha kufuata. Je, anayo?

Ree mbili, zinazowapita wafalme? Mama angepandisha dau tangu mwanzo. Tisa tatu? Asingeacha kopa mbili zikae mezani bila kupandisha dau kumtisha anayengoja kopa. Saba tatu, labda, lakini njia za kuzipata ni chache. Zilizobaki, nyingi, ni kopa mbili mkononi zilizongoja kopa ya tatu mezani ili zitimie tano, ambazo hushinda jozi, nayo haikuja.

Lakini Mama anaweza kudanganya hivi, macho makavu? Fundi akakumbuka mara ya kwanza Mama alipoanguka. Mkono ulivimba kama mkate, naye akawaambia ni mbu.

"Nafuata."

Mama hakufunua mara moja. Alizipapasa karata zake, kisha akazilaza: ree na sita, zote za kopa. Hakuwa hata na jozi.

Kaka alianza kushangilia, akameza kelele zake. Fundi alidhani angefurahi, lakini hakuvigusa vifungo. Mama alikuwa akizitazama kuta za jiko lake, moja baada ya nyingine.

"Umepiga hesabu vizuri," alisema mwishowe. "Nani kakufundisha?"

"Si wewe, Mama?"

"Ujinga wangu huo." Akashika ukingo wa meza, akainuka taratibu. "Kitanda changu naja nacho. Na cherehani yako isilie kabla sijaamka."

Fundi akampa mkono. Mama akautazama kitambo, halafu akaushika, wakaenda chumbani kufunga nguo.